Mchele wa Siri

Jumanne, 5 Novemba 1996

Diwali ni Jumapili. Ba, mama yangu, ametoa hukumu yake mezani bila hata kuniangalia. Taa ya shaba ya marehemu Baba itawaka katika nyumba ambayo utoaji wa Baba bado u hai. Na taa inakokwenda, yeye anakwenda. Mdogo wangu Nalin, naye mwenye duka, amejenga Shanty Town, mtaa wa matajiri, na chumba cha Ba ameshakipaka rangi. Ya bluu! Ba hapendi bluu. Nimefurahi kidogo.

Utoaji wa Baba ulikuwa hivi: karibu na Diwali, alfajiri, mchele unaachwa milangoni mwa wasio na kitu kule Kiboriloni, na mtoaji asijulikane. Tenda wema nenda zako. Kisha siku yenyewe sisi tunakula mchele wa gunia lile lile. Nalin yeye anagawa blanketi kwa kipaza sauti, mpiga picha yuko kando. Mimi nitatoa kwa siri. Ila siri hiyo lazima Ba aijue, hekaluni waijue, na Nalin aijue kabla ya wote.

Alhamisi, 7 Novemba

Mchele wa Chekereni dukani kwangu ni mzuri, ndiyo maana unauzika. Nimeuacha. Stoo kuna magunia yaliyokaa miezi kando ya pipa la mafuta ya taa. Wateja wanaunusa, wanaurudisha. Maskini hawanusi, nikajiambia.

Gidioni, aliyembebea Baba mchele wa Diwali miaka yote, aliunusa. Akasema marehemu mzee hakuwa akitoa wa namna hii. Nikamwambia siku hizi biashara ni huria. Akajipangusa mikono, akainua gunia. Utii wa Gidioni unaniudhi kuliko matusi.

Nimetia mchele katika mifuko ya nailoni ya duka langu, lakini nimeigeuza, jina likabaki ndani. Halionekani. Mwenye udadisi ataliona. Nina akili, basi tu hakuna wa kuniambia.

Ijumaa, 8 Novemba

Tumegawa alfajiri. Mbwa amenichania suruali.

Jioni hekaluni habari zimeshafika, na kila mtu anampongeza Nalin! Kiboriloni nzima inasema ni yule Mhindi wa blanketi. Nalin akakunja mikono, akainamisha kichwa, akasema mtoaji wa kweli hatajwi. Mnafiki. Hakusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma. Ba akamgusa kichwani kumbariki. Mimi hajanigusa kichwa tangu Baba afariki.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemtuma Gidioni sokoni Kiboriloni aseme wazi kwamba aliyetoa ni mimi. Amerudi. Anasema walicheka. Mmoja alisema labda ni kweli, kama kuna kitu kimemharibikia dukani. Nikamuuliza yeye alijibu nini. Akasema alicheka nao.

Jumapili, 10 Novemba

Diwali. Asubuhi nilimpa Ba mchele safi wa Chekereni, nikamwambia ni wa gunia lile lile. Akaupepeta kwenye ungo, macho yamelainika. Akasema Baba angefurahi. Nilikuwa nimeshinda.

Hodi. Ni Mektrida, muuza ndizi wa Kiboriloni. Kumbe aliufua mfuko wa mchele ili afungie ndizi zake, akaugeuza, akaona jina la duka. Alimwamkia Ba shikamoo, akasema kwa adabu kwamba wanashukuru sana, ila mchele watoto wameshindwa kuula, unanuka mafuta ya taa. Akaurudisha, akasema labda mzee alikosea gunia. Alituletea na ndizi, za sikukuu.

Ba aliupokea mchele ule kwa mikono miwili. Ule safi, wa kwenye ungo, akampa Mektrida wote. Kisha akaingia jikoni, akapika.

Sahani mbili. Mimi matonge mawili yakanishinda. Ba alikula taratibu mpaka akaikomba sahani. Akasema tu kwamba nyumba hii inakula inachotoa. Akanawa, akaishusha taa ya Baba, akaifunga ndani ya sari yake ya zamani. Nalin alikuja kumchukua kwa gari.

Jumanne, 12 Novemba

Nyumba kimya. Kwenye rafu pamebaki duara la mafuta, mahali pa taa. Sijalifuta. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Nimeumia, na sina wa kumwambia.

Kosa ni la Mektrida. Nani anafua mfuko wa nailoni?

Leo nimefungua mlango nikakuta mifuko yangu imejaa kizingitini, mchele ndani yake. Wameurudisha alfajiri, na hakuna aliyejulikana.

Nimeuanika juani uani. Harufu imepungua, kama nikisimama mbali. Krismasi inakuja, na Wakristo nao wana maskini wao. Safari hii nitautia kwenye mifuko ya duka la Nalin.