Mihuri Sita ya Fundi Plagi

Siku ile mjinga alikuwa Mwinshehe, na hilo halina ubishi. Hata mwenyewe, akishashiba, huwa analikubali. Shida ni kwamba siku yenyewe alilikataa mpaka jasho likamtoka.

Kijiwe ni kwa Zaitun, pale Ujiji: mabenchi mawili, birika la kahawa na sinia la kashata. Mwinshehe, maarufu Fundi Plagi kwa kufufua mashine za boti, alishuka kwenye bodaboda akitokea Kigoma mjini, bahasha kwapani, uso umekunjamana. Akamkuta Martini kashaanza. Martini wanamwita Taarifa, maana habari ikizaliwa saa moja, saa moja na nusu keshaitia chumvi.

"Wamedaka wakili kishoka," Martini alikuwa anasema. "Redio imesema asubuhi. Miaka sita anagonga mihuri, kumbe muuza vitunguu."

"Alikuwa anagonga vizuri?" akauliza Gervasi. Huyu ni Mahakama. Aliwahi kutoa ushahidi kesi ya mbuzi huko kwao Simbo, na tangu siku hiyo hanywi kahawa bila kutaja kifungu.

"Vizuri mno. Wateja wanalia."

"Afadhali huyo," Mwinshehe akadakia hata hajakaa. "Wangu mimi ni wakili halali, tena kagoma."

Zaitun akamsogezea kikombe. "Kagoma nini, Fundi? Si jana hati ilikamilika?"

Kukamilika ilikuwa imekamilika, tena ikapitiliza. Binti yake Nasma yuko Maskati, na Ijumaa ya wiki ijayo anaolewa na kijana wa Bujumbura, fundi majokofu hukohuko Maskati. Mwinshehe hana uwezo wa kusafiri, kwa hiyo anampa uwakala mdogo wake Abdulkarimu, anayeishi kule, amwozeshe kwa niaba yake. Hati yenyewe ni karatasi moja: inathibitishwa na wakili, inapanda Wizarani, inamalizia ubalozini. Bila hiyo hakuna ndoa. Na Hadija, dada yake Mwinshehe, ndiye wa kuipeleka huko Wizarani, kwa basi la kesho alfajiri.

Sasa Fundi, ili asimchoshe wakili, alikuwa ameshasaini kijiweni. Wakasaini na wenzake wote. Kisha akaingia mitaani kutafuta mihuri.

"Nimempelekea mihuri sita," akasema. "Wa mtaa, wa kata, wa msikiti, wa wavuvi, wa timu ya veterani, na wa duka la vipuri. Nikamwambia, mwanangu, kazi imebaki ndogo, gonga wako hapo penye nafasi."

"Nafasi ilikuwepo?" Martini akauliza.

"Kwa pembeni. Ukiinamisha."

"Akasemaje?"

"Wakili mwenyewe ni binti, ana adabu, anaitwa Honorata. Shikamoo mzee, karibu kiti. Akauliza, nani kasaini hapa? Nikamwambia mimi. Akasema, sikukuona."

Gervasi akaweka kikombe chini. "Hakukuona? Na sisi tuliokuona?"

"Ndicho nilichomwambia. Akapitia majina. Akauliza, huyu Mahakama ni nani?"

"Hamjui Mahakama, halafu anajiita wakili," Gervasi akasema, ameumia kweli.

"Akaniambia hivi: Mzee wangu, muhuri wangu hausifii karatasi. Unasema Mwinshehe alikuja, nikamwona kwa macho, nikakagua kitambulisho, akasaini mbele yangu kwa hiari yake. Nikigonga bila kukuona nitakuwa nimesema uongo, tena uongo wenye jina langu. Rudi na kitambulisho tuandike nyingine, na usitie hata nukta."

"Anafunga saa ngapi?" Zaitun akauliza.

"Kumi na moja."

"Hii saa tisa na nusu. Unangoja nini?"

"Siendi."

Akavua kofia, akaipachika gotini, dalili kwamba kikao ni kirefu.

"Mimi nimezaliwa hapa. Mashine gani inanguruma ziwani, kuanzia Kibirizi mpaka Kalemie, ambayo sijaifungua? Wakongo wananijua. Askari wa bandarini wananijua. Leo nitoe kitambulisho kwa mtoto wa juzi, nithibitishe kwamba mimi ndiye mimi?"

"Kisheria huo ni udhalilishaji," Gervasi akasema. "Kifungu nitakitafuta."

"Halafu analipwa kumtazama mtu akiandika jina lake," Martini akachochea. "Mimi ningekutazama bure, na kesho ningerudi."

"Tafuta wakili mwingine," Gervasi akashauri. "Asiye na maswali."

"Huyo yuko mahabusu," Zaitun akamwambia. "Si mmetoka kumtangaza. Fundi, kadhi wa Maskati naye anakujua?"

"Ataulizia."

"Atamuulizia nani? Atapiga simu kijiweni?"

"Apige," Gervasi akasema. "Nitapokea mimi."

Simu ya Mwinshehe ikatetemeka juu ya benchi. Wote wakaisoma kabla yake: Baba, wakili ameshagonga? Ilikuwa ya tatu tangu asubuhi. Fundi akaigeuza kifudifudi, akaomba kahawa ya pili.

"Mtu mzima anaaminiwa kwa sura yake," akasema.

Zaitun hakummiminia. Akaliweka birika chini, akajifunga kanga vizuri.

"Mwezi wa Rajabu yule kijana alipoleta posa, ulisema huozeshi sura. Ukataka kiapo kwamba hana mke, kitoke kwa wakili. Kikaja, ukakiinua juani hapahapa ukakikataa, eti wakili hakuweka tarehe. Mtoto wa watu akarudi kwa wakili akaanza upya, wala hakununa. Sasa Fundi, yule alikwenda kwa wakili mara mbili, na Nasma hakuwa hata mchumba wake bado. Wewe ni baba yake, na mara ya pili inakushinda?"

Fundi akaitoa kofia gotini, akaivaa, akaita bodaboda impitishe nyumbani kuchukua kitambulisho.