Benchi la Wapendanao Lazinduliwa Mnazi Mmoja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe kwa kuwa aliyealikwa amepata udhuru, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Matembezi ya Wapendanao, wazee wetu, shikamooni (Marahaba!), wafanyabiashara wa Kariakoo mliofunga vibanda kuja kunisikiliza (Hatujafunga!); na kwa namna ya pekee kabisa, mke wangu mpenzi, Blandina, niliyemuoa Jumamosi iliyopita, ambaye amesimama nami jukwaani kwa viatu vipya vinavyombana: hamjambo? (Hatujambo! Mpeni kiti bibi harusi!)

Kiti kinakuja, ndugu wananchi. Kiti ndicho kilichotuleta. Chini ya pazia hili jekundu lipo Benchi la Wapendanao, feezi ya kwanza, yaani awamu ya kwanza, ya mradi wangu, benchi nililomwahidi Blandina siku nilipomposa, aliponijibu mbele ya shangazi zake: "Nitakubali, lakini unionyeshe mahali pamoja tu mjini ambapo mwanamke anaweza kukaa na mumewe bila mgambo kuwadai cheti cha ndoa." (Vigelegele. Sauti: "Na cheti mnacho?") Ninacho! Kipo hapa mfuko wa moyoni, nalala nacho!

Katika zama hizi za soko huria, ambapo kila kitu ni ruksa, kuanzia mitumba mpaka televisheni, haiwezekani mapenzi peke yake yabaki chini ya udhibiti. (Makofi.) Fizibiliti stadi niliyoifanya mimi binafsi imebaini kwamba asilimia tisini na moja ya wapendanao wa jiji hili hawana pa kukaa, na asilimia tisa waliobaki wamekaa kwa mama mkwe. (Makofi marefu upande wa wanaume.)

Na utafiti huo, jamani, ulikuwa mtamu! Tulianzia Soko la Kariakoo, chini ya yale mapaa ya zege yaliyokunjuka kama miavuli, Blandina akichagua tangawizi nami nikimchagua yeye upya. Tukaenda Kisutu kwa Bi Jasvanti, ambaye bhajia zake zina chatne kali inayomwezesha mwanamume kutoa machozi ya mapenzi hadharani bila aibu. Tukapita Jangwani maji ya mvua yalipofurika, nami, kwa mujibu wa majukumu yangu, nikambeba mchumba wangu mgongoni kuvuka maji. (Blandina: "Nani alimbeba nani?") Nasahihisha. Zoezi la kubebana lilitekelezwa kwa mafanikio makubwa. (Kicheko.)

Tukamalizia Kivukoni, katika banda la kungojea pantoni. Enyi watu wa Bongo! Mkikaa pale wawili, hata mgambo hawaulizi mnangoja nini, maana kila mtu anangoja. Pantoni ikaja, ikaondoka, ikaja tena, tukawapisha watu wote, mpaka muuza kashata akatuuliza kama Kigamboni kuna mtu tunamkimbia. (Sauti: "Mheshimiwa, benchi!") Nafika. (Blandina anavua kiatu kimoja.)

Katika feezi ya pili, tutasimika mabenchi mia nne kutoka hapa hadi Buguruni, kila moja likiwa na kivuli, maua ya asumini, na taa inayozimika kwa hiari ya wahusika... (Sauti: "Tuonyeshe la feezi ya kwanza!") Blandina, mpenzi, usilivute, kuna utaratibu... (Pazia limevutwa. Kreti tatu za soda, tupu.)

Ndugu wananchi, mnachokiona ni benchi likiwa katika mchakato. (Bi Agnesi, mama ntilie: "Mchakato gani, baba? Kreti zangu hizo! Uliniambia unazipanda tu kubandika tangazo! Gari la soda limeshafika kuzichukua!")

Kwa hiyo nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru Bi Agnesi kwa kreti, ambazo anaondoka nazo sasa hivi. Namshukuru Bwana Girish wa duka la vitambaa kwa pazia, ambalo linarudi leo leo. Namshukuru fundi Beno wa Buguruni, ambaye angetengeneza benchi zuri sana kama mtu yeyote angemwambia. Nawashukuru wafadhili wa nje, ambao hawajatukatalia, kwa kuwa hatujawaandikia. Naishukuru Kamati, ambayo pia ni mimi. Na nakushukuru wewe, Blandina, ambaye nilitaka sana usimame hapa ujivunie mumeo, na ambaye, pamoja na aibu hii, hujanicheka. (Blandina: "Nacheka.") Ambaye unacheka.

(Blandina, akiwa peku: "Haya, mume wangu, yamekwisha. Lile banda la pantoni nalo lilikuwa mchakato?")

Hapana, mke wangu. Lile lipo.

Mapenzi! (Hoyeee!) Soko huria! (Hoyeee!) Benchi! (Kimya.) Banda la pantoni! (Hoyeee!)

Mniwie radhi, ndugu wananchi, nakabidhi kipaza sauti. Bibi harusi ameshafika barabarani, na viatu vyake ameniachia mimi. Safari hii anayebeba ni mimi.