Madumu Mawili Bafuni

Jumatatu, 3 Juni. Manyunyu asubuhi, upepo wa baridi.

Nimechaguliwa! Daktari wa figo anafanya utafiti, anataka kila nyumba itoe watu wawili: mwenye presha na mzima. Mwenye presha ni mimi. Mzima, bila shaka, ni wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekimbia kila alfajiri na kula mboga za kuchemsha kama sungura. Alipopimwa presha ilisoma juu kidogo. Akasema ni kwa sababu alipanda ngazi mbio. Nesi akamwamini.

Tumepewa dumu moja moja. Mkojo wote wa kutwa na usiku wake, hata tone lisimwagike.

Daktari alieleza vizuri. Figo hula mafuta, alisema: huyachoma ili zipate nguvu za kuchuja damu na kupanga chumvi. Zikishindwa kuyachoma, mafuta hurundikana humo, kazi hulegea, chumvi hubaki mwilini, presha hupanda. Nikauliza kama basi nikila vya kukaanga nitakuwa nazisaidia. Akasema hapana, mama. Nesi alicheka hadi akaangusha kalamu. Hata hivyo nashukuru. Somo zima, bure!

Jumanne, 4 Juni. Jua kali.

Balaa. Nesi amedokeza kwamba dumu husema chumvi yote uliyokula. Nami nimemwapia tangu mwaka jana kuwa chumvi siigusi! Majibu yakitoka nitaongezewa kidonge cha pili, na wifi atapata la kunisimanga hadi uzeeni.

Madumu yalikuwa bafuni, bega kwa bega. Majina yameandikwa kwenye plasta. Plasta hubanduka. Kufumba na kufumbua! Wifi akapita, akauliza nachekea nini bafuni peke yangu. Nikasema namshukuru Mungu kwa afya.

Ijumaa, 7 Juni. Mawingu.

Majibu. Chumvi yangu safi kabisa! Nikakaa tayari kupongezwa. Daktari hakupongeza. Akasema mkojo wangu una protini nyingi, figo zinavujisha, nilazwe haraka zichunguzwe kabla hazijafa.

Nikataka kucheka. Kisha nikakumbuka plasta. Figo hizo si zangu.

Nyumbani wifi alikuwa amefura. Nesi amempigia simu kumwambia anakula chumvi kama mbuzi. Mashine zao mbovu, akasema, na huko harudi hata avutwe kwa kamba. Nikamtazama vizuri. Macho yamevimba. Viatu vya kukimbilia amevilegeza kamba, miguu haiingii vizuri. Nikamuuliza. Akasema ni usingizi tu, nisimchunguze kama askari.

Chakula kilinishinda.

Jumamosi, 8 Juni. Ukungu.

Nilifika kwa daktari kabla mlango haujafunguliwa. Nikaeleza kwamba mvuke wa bafuni ulibandua plasta zote mbili, na huenda kila moja ilirudi kwa jirani. Akauliza kama zilirudi zenyewe. Nikasema mvuke ni kitu cha ajabu. Akanikazia macho. Nikalia, nikasema ni mimi. Akaagiza nimlete wifi leo hii hii, kesi yangu baadaye.

Wifi aliposikia alinirushia kiatu. Kikanipata begani. Akaniita nyoka wa bafuni. Kisha akakaa chini, akauliza kwa sauti ndogo kama basi figo hizo ni zake. Nikasema ni zake. Tukaenda tumeshikana mikono.

Jumatano, 12 Juni. Mvua asubuhi, jua mchana.

Wifi ameruhusiwa kutoka wodini! Daktari anasema wamewahi. Atameza dawa za presha na za kulinda figo, na mbio atazirudia, polepole. Mbele ya nesi akanishika mkono, akasema angekimbia hivyo hivyo hadi aanguke barabarani. Asante, nyoka. Nikalia tena.

Namshukuru Mungu, daktari, nesi, hata plasta. Maana majibu yale yangemfika mwenyewe, angesema mashine mbovu. Yalimfika mwoga, mwoga akarudi. Kwa hiyo, ukitazama vizuri, aliyemwokoa ni mimi na hila yangu.

Daktari amenipa dumu jipya, nijaze kesho, bila mchezo. Nimemwapia.

Jioni nimemtazama mume wangu akila. Hajawahi kuomba chumvi maishani! Mtu mtulivu, presha kama ya mtoto. Nimemwekea jagi la maji kando ya kitanda, nikamwambia choo kimeziba, kesho atumie dumu. Amenishukuru kwa kumjali.

Nalala saa tano na nusu, roho kwatu.