Gunia la Mkaa Uani kwa Faraji

Jumatatu, 7 Aprili
Mkutano wa mtaa, hapa Mtoni. Mtaalamu mmoja, Filomena, katueleza kwamba jua linalotuchoma na mvua zinazotuzamisha zinaanzia majikoni mwetu. Kila mtu abebe lake! Gari lake lilinguruma nje muda wote, kiyoyozi kisizime. Hakuna aliyeuliza. Ijumaa watakagua nyumba na kumchagua Balozi wa Mazingira. Wote wakamgeukia jirani yangu Faraji. Kisa? Ana baiskeli na jiko la gesi. Mie na duka langu, nani kanigeukia?

Jumanne, 8 Aprili
Nimempiga marufuku mke wangu Wahiba kutumia mkaa. Kauliza maandazi yake, yanayowasomesha watoto, ayakaangie kiganjani? Nikamjibu dunia inaungua, yeye anawaza maandazi! Nikampa jiko la umeme. Kanyamaza. Wahiba akinyamaza, naogopa.

Jumatano, 9 Aprili
Umeme umekatika alfajiri. Unga umechachuka. Wateja wote wamehamia kwa Sekela, muuza maandazi mwenzake. Sawa. Lakini lile gunia la mkaa bado lipo... Wazo! Wahiba alipokwenda sokoni nikalipenyeza kwenye ukuta uliobomoka, hadi uani kwa Faraji. Nikalifunika turubai. Wakaguzi na walione! Kiuno kimeteguka. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 11 Aprili
Mafuriko. Maji magotini. Bondeni yalikopita siku zote kumejengwa ghala, na mwenye ghala hakualikwa mkutanoni. Wakaguzi hawakuja. Umeme hakuna, gesi imewaishia wote. Uani kwa Faraji tu, palipoinuka, ni pakavu. Kafunua turubai, kakuta mkaa, kamshukuru Mungu kwa sauti. Kalisha mtaa mzima! Nami nikapanga foleni na bakuli. Aliyekuwa anapakua ni Wahiba. Kalitazama gunia, kanitazama.

“Baba Salsabil, hii kamba ya bluu si niliifunga mie?”

Faraji, fedhuli yule, kaniongezea ubwabwa. Eti jirani mwema hutoa kwa siri. Watu wakapiga makofi. Bora angenizaba kibao.

Jumamosi, 12 Aprili
Faraji ndiye Balozi. Wahiba kahamishia maandazi yake kwa Tabu, mke wa Faraji. Nyumbani anakuja kulala tu, kanipa mgongo.

Jumapili, 13 Aprili
Wahiba kanitaka nikaombe radhi. Radhi ya nini? Nimesikia redioni kwamba mbuzi akicheua anachafua hewa ya dunia. Faraji ana mbuzi wawili! Kesho asubuhi namshtaki kwa mwenyekiti. Wahiba kauliza, mbona simshtaki mwenye ghala?

Wanawake bwana. Mwenye ghala ana geti na walinzi. Faraji hana hata komeo.