Redio ya Mkononi na Kofia ya Mwenyekiti

Jamani, leo nimejivua nguo hewani. Si uani, si sokoni. Hewani! Fatuma, Grace, mlisoma nami miaka minne na mnaujua mdomo wangu, basi leo umenimaliza. Nawaandikia kabla hamjaisikia kwa wengine.

Mnajua nilipasi ule mtihani wa redio. Leseni ikaja. Chama chetu cha wapenda redio kikaniazima redio ya mkononi, nzito kama tofali, ina antena ya mpira na magurudumu matatu madogo ya namba juu yake. Mwenyekiti wetu, Mzee Okello, fundi wa mitambo aliyestaafu, aliniwekea kila kitu mwenyewe siku ya Jumatano. Akaniambia, "Rukia, usiguse chochote. Jumamosi saa kumi nitaita majina. Atakayesikika ndiye nitakayempa kazi kwenye mashindano ya baiskeli Jumapili."

Kazi niliyoitaka ni moja: kituo cha mwisho, pale kwenye utepe. Ndicho chenye hema. Ndicho kinachotangaza nani ameshinda. Na nilikuwa nimeshawaambia watu. (Watu wangapi? Nusu ya mtaa wetu wa Shauri Moyo.)

"Usiguse chochote." Mimi! Tangu Jumatano sijatulia. Nikiwa kazini kwenye swichibodi ya simu za hoteli naiwaza. Nikirudi nyumbani naitoa kwenye mfuko, naitazama, nairudisha, naitoa tena. Leo nimefagia chumba mara mbili, nimefua pazia ambalo halikuwa chafu, na kufika saa nane sina tena cha kufanya. Nikachukua kitambaa nikaipangusa redio. Nikaipangusa vizuri, mbele na nyuma. Nikayapangusa na yale magurudumu.

Namba zote zikahama.

Jasho! Bahati nilikuwa na karatasi ya darasani. Sasa niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa nilivyoumbuka. Redio hizi ndogo hazifiki mbali. Kwa hiyo kuna mtambo umewekwa juu ya vilima vya Ngong. Wewe unasema, mtambo unaidaka sauti yako na kuirusha kwa nguvu hadi Thika na Machakos. Lakini mtambo huo masikio yake yako kwenye namba moja, na mdomo wake kwenye namba nyingine. Kwanza unazungusha namba za mdomo, ndipo uwasikie watu. Halafu nyuma ya redio kuna swichi ndogo ya kuiambia ishuke namba kidogo kila unapobonyeza kusema, ili sauti ifike kwenye masikio. Usipoisukuma hiyo swichi, wewe utawasikia wote, wao hawatakusikia kabisa.

Namba nilizirudisha. Swichi? Nayo kitambaa kilikuwa kimeihamisha, nami sikujua: mahali hapo karatasi ilikuwa imemwagikiwa chai.

Saa tisa na nusu Shangazi Mwanaisha akaingia na buibui lake, ametembea kutoka Majengo kuja kunisikiliza. Nyuma yake Mama Njoroge wa mlango wa pili, anayeuza mitumba soko la Gikomba. Amefunga mapema kwa ajili yangu, na amekuja na kigoda chake. Tukatoka uani, karibu na mfereji wa kutekea maji, penye uwazi.

Saa kumi kamili redio ikakohoa. Mzee Okello! Safi kama yuko jikoni. "Habari za jioni, wanachama. Naanza kuita majina."

"Ndiye huyo?" Shangazi akauliza.

"Ndiye."

"Ana sauti nzito."

Akaitwa wa Machakos. Akajibu. Akaitwa Bwana Kamau wa Thika. Akajibu. Mimi natembea tu, mfereji hadi mlango, mlango hadi mfereji.

"Rukia, si ukae?" Mama Njoroge akasema. "Unanipatia kizunguzungu."

Nikakaa. Nikasimama.

"Rukia, Shauri Moyo."

Nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Nikatoa ile sauti yangu ya kazini, ya subiri-kidogo-tafadhali, tamu kama halua: "Hapa ni Rukia, Shauri Moyo. Nakusikia vizuri sana, Mzee. Shikamoo."

Nikaachia. Mzee tena: "Rukia, Shauri Moyo? Upo?"

"Nipo, Mzee! Nipo!"

"Rukia hayupo."

Shangazi akanitazama juu mpaka chini. "Si wewe huyu hapa?"

Nikapanda juu ya kigoda. Nikainua redio juu ya kichwa. Nikapiga kelele hadi kuku wa jirani wakatawanyika. (Kama ni kelele, Mzee angenisikia kwake hata bila redio.)

"Namwita Rukia kwa mara ya mwisho," akasema Mzee. "Pengine amelala." Mtu akacheka. Hewani! "Basi kituo cha mwisho tutampa Bwana Kamau."

Damu ikanipanda. Nikashuka.

"Kwani huyo mzee haskii?" Mama Njoroge akauliza. "Ama hiyo kitu imekufa?"

"Haijafa! Tazama." Nikaigeuza redio mbele yao. "Haina kasoro hata moja. Hii ya kuwasha. Hii ya sauti. Na hii ya nyuma," nikaisukuma kwa kidole gumba, tak, "hii sijui ya nini." (Ndiyo. Ndiyo yenyewe.) "Na ukibonyeza hapa taa inawaka. Mnaiona taa? Basi inatuma! Tatizo si redio. Tatizo ni masikio ya Mzee Okello. Yamejaa nta!"

Nikakishikilia kitufe ili wote wawili waione taa vizuri. Na mdomo haukusimama.

"Mkutanoni unamwambia kitu mara tatu, na bado anasema 'eh?' Halafu ile kofia! Jua kofia, mvua kofia, ndani ya nyumba kofia. Eti baridi. Baridi gani? Ni kipara! Tunajua sote ni kipara!"

Shangazi akavutiwa. "Kipara kikubwa?"

"Shangazi, kinang'aa kama sufuria ya pilau iliyosuguliwa kwa majivu!"

"Masikini. Na mke anaye?"

"Anaye. Ndiye anayetupikia chapati za mkutano. Ngumu! Unaweza kuezekea nyumba!"

Pumzi ikaniishia. Nikakiachia kitufe.

Redio ikalia: pii.

Huo ndio mlio ambao mtambo wa Ngong huutoa mtu anapomaliza kusema. Mtu aliyesikika.

Kisha Mzee Okello, polepole: "Rukia, Shauri Moyo. Tumekupata. Safi kabisa, hakuna hata mkwaruzo."

Nikakaa chini. Si kwenye kigoda. Chini, penye maji ya mfereji.

"Machakos tumekupata pia," ikaja sauti nyingine. "Pamoja na sufuria."

"Thika nimekupata." Huyo Kamau hata kusema alikuwa hawezi, anacheka.

Halafu ikaja sauti ya mwanamke, kutoka redio ileile ya Mzee: "Rukia, huyu ni Mama Achieng', mke wake. Kipara ni kweli. Kuhusu chapati, tutaongea kesho."

Nilitaka kuizima, niitie kwenye ndoo ya maji, nihamie Mombasa. Shangazi akanishika bega. "Mjibu mama wa watu! Unanyamaza, huna adabu?"

Nikabonyeza. Sauti ya swichibodi ikakataa kutoka, ikatoka ya panya. "Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mzee. Nisameheni. Nilikuwa... nilikuwa najaribu redio."

"Marahaba," akajibu Mzee. "Nani alikwambia uguse?" Nikasikia watu wakicheka nyuma yake. Kumbe nyumba ilikuwa imejaa! "Bwana Kamau, umesikia mwenyewe. Kwa mdomo kama huu uwanja hauhitaji hata spika. Kituo cha mwisho ni cha Rukia. Saa kumi na mbili asubuhi, mwanangu, usichelewe. Mimi na Mama tutakuwa nawe hemani."

Kwa hiyo kazi nimeipata. Na sasa siitaki! Tangu hapo nakaa, nasimama, natafuta ugonjwa wa kunishika alfajiri na kuniachia adhuhuri. Mama Njoroge ananishauri nijifunge leso hadi puani. Shangazi naye ameshaondoka, na kutoka hapa hadi kwake Majengo hakuna baraza ambapo hatasimama kusimulia.

Basi ninyi wawili nawaomba kitu kimoja tu: msicheke. Wengine nimechelewa kuwaomba.