Mkwe Mwenye Mwili

Jumatatu, 14 Julai 2025

Aibu iliyoje! Mzee Masalu wa Nkololo, baba yake Justina, kanitazama kuanzia utosini hadi unyayoni, akauliza kama kwetu kuna ukame. Binti yake ana wachumba wawili, mimi na Salvatory mwenye duka la pembejeo. Jumamosi twende wote, atachagua mmoja. Anataka mkwe mwenye mwili. Salvatory ana kilo tisini na nne na kidevu cha akiba! Mimi nimepanda mizani ya pamba pale kituoni ninapofanya ukarani. Hamsini na moja, tena na viatu. Nikimkosa Justina nimekwisha.

Jumanne, 15 Julai

Redio imeniokoa! Mtaalamu kasema baadhi ya vinasaba vinavyosimamia kinga ya mwili vina mkono pia katika uzito wa mtu. Nimekimbia kwa dada Mektilda, yeye ni wa maabara. Kakubali ni kweli, ila wataalamu wenyewe bado wanachunguza, na vinasaba havibadilishwi kama betri ya tochi. Kanishauri nile karanga na nipime minyoo. Minyoo! Mimi, mtu wa sayansi!

Nimefikiri mwenyewe. Askari wa mwili wangu wanapigana usiku na mchana, ugali wote wanaula wao. Wapumzishwe. Je, ng'ombe tunawanenepeshaje? Tunawaogesha! Kupe wanakufa, kinga inalala, mafuta yanajaa. Mbona hakuna aliyeliona hili?

Jumatano, 16 Julai

Nimeogeshwa! Nilipanga foleni joshoni, kwenye dimbwi la dawa ya kupe, nyuma ya fahali mwekundu. Zamu yangu ilipofika nikafumba macho na mdomo, nikajitosa. Shija, msimamizi wa josho, kapiga yowe akidhani nimeteleza. Akanivuta kwa fimbo ya kuongozea ndama. Nikamshukuru, nikamwomba nirudie. Kakataa, kasema dawa imepimwa kwa idadi ya ng'ombe.

Ijumaa, 18 Julai

Najikuna kama mbwa. Ni askari wanafunga virago hao! Nimeoga mara sita kwa sabuni ya kufulia, harufu imegoma kutoka. Mektilda kanikokota hadi duka la dawa kununua mafuta ya kupaka, kanifokea njia nzima kwamba ile ni sumu ya kupe, ningeweza kufa. Wivu wa wasomi.

Jumamosi, 19 Julai

Mungu wangu!

Salvatory kafika kwanza, suti, manukato hadi kuku wakapiga chafya. Mzee kamsalimu kwa mbali. Mimi nikamwamkia Kisukuma, mwadila, nikaketi kwenye kigoda. Mzee akanusa. Akasogea. Akanusa tena shingoni kwangu! Nikajua nimefukuzwa. Kumbe anatabasamu. Kawaambia wake zake kwamba huyu ndiye mwanamume, katoka kuogesha mifugo na hakuona haya kuja nayo harufu. Kasema mwili unatafutwa, ila mtu wa ng'ombe huzaliwa hivyo. Salvatory kaulizwa lini mara ya mwisho alishika mkia wa ng'ombe.

Nikataka kumfafanulia Mzee kuhusu vinasaba. Justina akanikanyaga mguu kwa nguvu. Nimepewa mke! Nimecheza hadi kwenye zizi, nikaanguka, nikacheza tena.

Jumapili, 20 Julai

Mizani inasema hamsini. Imeharibika, nitaandika barua ibadilishwe. Mektilda kanieleza taratibu, kama anavyoeleza watoto, kwamba nimeshinda kwa harufu, na vinasaba havihusiki hata chembe. Maskini, anajitahidi. Mbona Mzee kasema mwenyewe huzaliwa hivyo? Si ndiyo vinasaba!

Tena kuna jambo nililisahau. Mtoto hurithi pande zote mbili, baba na mama. Wanangu wasije wakawa wanene nusu! Jumatano wanaogesha tena. Nimemtumia Justina ujumbe: aje alfajiri, avae kitenge cha zamani.