Kijani cha Bure

Jumatatu, 5 Mei

Hukumu imetoka! Shangazi Tupokigwe, anayenilisha hapa Bagamoyo (mtaa wetu wa Rungwe, si ule mji wa pwani) tangu nimalize chuo, amesema amechoka kumpikia ndizi mkurugenzi asiye na ofisi. Filamu yangu ionyeshwe Jumamosi, watu waipende. La sivyo, Jumatatu niende Nkunga kwa babu kuchuma chai. Mimi? Na vidole hivi vya kompyuta?

Sina wasiwasi. Mlima Rungwe unalipuka, akina mama wanakimbia moto. Filamu ya kuliza watu! Godwin, mpiga video wa harusi na mpinzani wangu, eti kaenda Mbeya kununua kitambaa cha kijani. Unamsimamisha mwigizaji mbele yake, kompyuta inafuta kijani chote, unaweka moto wako. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kitambaa cha nini, jamani? Rungwe nzima ni kijani! Nitarekodi kwenye shamba la chai. Mungu keshatandika, bure kabisa.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Tumerekodi hivyo hivyo. Nyota ni Shangazi mwenyewe, kaja na wenzake wa umoja wa wanawake wa kanisani. Wamekimbia si mchezo. Mama Alinanuswe kateleza kwenye tope, akainuka huku bado anapiga mayowe. Kipaji! Na walivyopendeza: wote sare mpya, kitenge cha kijani, kilemba cheupe. Nimewasifu sana.

Godwin kapita na pikipiki, kasimama, kaniuliza kama nina uhakika na hizo nguo. Wivu huo! Nikamwambia apite, anaharibu sauti.

Alhamisi, 8 Mei

Nimebonyeza. Chai yote imetoweka, moto umejaa! Nimejipigia makofi peke yangu.

Halafu nikatazama vizuri. Loh! Akina mama nao wametoweka. Vimebaki vichwa, mikono na miguu, vinakimbia motoni. Shangazi ni kilemba na mdomo. Mkungu wa ndizi alioubeba Mama Alinanuswe umekuwa shimo.

Nimeongeza moshi kuficha aibu. Moshi ukaficha na filamu. Nimeutoa.

Godwin kasikia (mji huu hauna siri), kaja kusema kitambaa chake kipo, akina mama wabadili nguo tu, kesho asubuhi tunarudia, yeye hataki kitu. Hataki kitu! Nani asiyetaka kitu? Anataka jina lake kwenye filamu yangu. Nimemjibu kwamba vichwa ni makusudi, ni sanaa ya juu. Kaondoka anakuna kichwa.

Jumamosi, 10 Mei

Kibanda cha video cha Zuber kilifurika. Mlima ukalipuka, watu wakakodoa macho. Nikasema moyoni, Lugano, umefika!

Kikatokea kilemba cha Shangazi, kinaomba toba. Mungu wangu! Watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Mzee Anyitike kalia machozi, akashika tumbo, akasema kwa Kinyakyusa tangu azaliwe hajaona jambo zuri hivi. Shangazi alicheka kuliko wote, anajionyesha mwenyewe kwa kidole. Zuber kaninong'oneza kwamba anaitaka wiki nzima.

Lakini wanacheka kifo! Nimeumia, sikufichi. Nikasimama mbele ya skrini, nikawaeleza kwamba hii ni filamu ya majonzi na wao hawajui sinema. Wakazidi kucheka. Nikachomoa flashi, nikatoka nayo.

Shangazi kanikuta nyumbani. Safari hii hakucheka. Kasema watu walikuwa wameipenda tayari, mpumbavu mimi, nilichotakiwa kufanya ni kukaa tu. Nimemwambia msanii hapendwi kwa makosa. Kaingia ndani, karudi na mabuti yangu ya mvua.

Jumatatu, 12 Mei

Nkunga. Kikapu mgongoni, mgongo wenyewe haupo tena. Babu anasema nachuma majani yaliyokomaa kama mbuzi.

Ila asubuhi nimeona kitu, nikaketi chini palepale. Ukungu! Umefunika shamba lote, mweupe pe, hauna hata doa. Somo la wiki iliyopita nimelielewa: kosa lilikuwa kijani. Sasa kompyuta itafuta weupe, mahali pake naweka mbingu na lango la dhahabu. Hata Godwin hajafikiria hili.

Kwaya ya hapa imekubali kuigiza malaika. Nimewasisitizia waje na kanzu zao nyeupe, zifuliwe na blichi mpaka zing'ae.